Rangi Nne kwenye Chujio la AC

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka masikio yananiwaka moto, na nywele za kuyafichia sina tena. Kaa hapo kitandani nikuhadithie, maana jana nimekuona unaingia na hilo zulia begani, unatabasamu kama bwana harusi. Mimi nilitabasamu hivyohivyo.

Nilikuwa kijana, nimetoka Mombasa, napakia mizigo kwenye godauni la mazulia kule Al Quoz, huku huku kwa Waarabu. Tulikuwa tunakaa hapahapa Karama, watu sita chumba kimoja. Kilikuwa kidogo, ukitaka kugeuka ubavu lazima uwape wenzako taarifa tangu asubuhi. Sakafu ilikuwa vigae vyeupe, unapiga deki dakika tano umemaliza. Mimi nikaviona vya kimaskini. Arbab wangu, yaani bosi, alinipa vipande vinavyobaki wakikata mazulia, basi kila Alhamisi narudi na kimoja: chekundu, cha kijani, cha zambarau, cha njano kama bajia. Nikavigandisha kwa gundi ukuta hadi ukuta. Wallahi, hata sultani angeingia mle angebisha hodi mara tatu. Nikapiga picha, nikamtumia mama, akaita mtaa mzima waje watazame.

Miezi miwili haijaisha, vumbi. Vumbi kwenye mito, vumbi kwenye chai. Nafagia zulia kwa ufagio mkavu, linapaa, linazunguka, linarudi kukaa. AC nayo ikawa inapuliza kama bibi anayepoza uji. Mzee Shomari, Mzanzibari aliyekuwa mkubwa wetu chumbani, alikuwa na pumu. Akawa analala ameketi.

"Jamani, hili vumbi latoka wapi?" akauliza.

Na mimi, mwanangu, nikajibu upesi mno. "Tazama buti za Kato."

Kato alikuwa Mganda, mlinzi kwenye jengo linalojengwa. Buti zake zilijaa mchanga kweli, lakini alikuwa anazivua nje ya mlango, anazifunga kwenye mfuko. Nilijua. Nilimwona kila siku.

"Banange, buti zangu haziingii ndani," akasema. "Hata soksi nabadilisha kwenye ngazi."

"Basi jangwa ni wewe mwenyewe!" nikamwambia. Watu wakacheka. Unanijua mimi kwa kuchekesha.

Ijumaa tukapiga kura kwa mikono, Kato abaki au ahame. Mkono wa kwanza kupanda ulikuwa huu hapa. Kato alikuwa ameketi palepale, anautazama mkono mmoja baada ya mwingine. Kisha akafunga sanduku, akakunja godoro, akatoka.

Vumbi halikutoka naye. Wiki mbili baadaye, joto la Agosti, AC ikazima kabisa. Ungeweza kupika chapati ukutani. Akaja fundi Mpakistani, akapanda ngazi, akavuta chujio. Mwanangu, hilo halikuwa chujio, lilikuwa blanketi! Nyuzi zimegandana unene wa kidole, na hazikuwa na rangi ya mchanga. Nyekundu, kijani, zambarau, njano kama bajia.

Fundi akatazama chujio, akatazama sakafu. "Sadiki, rafiki," akaniambia, "zulia lako nusu liko chini, nusu liko juu."

Hakuna aliyecheka. 

Mzee Shomari akalikunja lile blanketi, akalitia kwenye mfuko, akaniwekea mapajani. "Mpelekee Kato. Maneno yako yaache hapa, mpelekee hili."

Nikamkuta kwenye lango la jengo lake, kwenye kiti cha plastiki. Nikafungua mfuko. Akachomoa uzi mmoja mwekundu, akauinua juani.

"Kwa hiyo jangwa si mimi."

"Si wewe, ndugu yangu. Nisamehe. Kitanda chako kiko wazi, rudi."

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini kurudi, hapana. Nitalala vipi pale, na nikifumba macho naiona ile mikono?"

Halafu akanipa maji yake ya kunywa, kwenye joto lile. Nilitamani anitukane.

Zulia nililing'oa kwa kisu, siku mbili nzima nimepiga magoti. Gundi ilinitoa kucha zote kumi, na ya kumi na moja ambayo sikuwa nayo.

Basi, mwanangu, hilo lako lirudishe ulikolitoa. Vumbi la kwenye kigae unaliona, unalifuta kwa kitambaa cha maji, khalas. La kwenye zulia linajificha. Ukikanyaga linapaa, AC inalivuta, na zulia lenyewe linanyonyoka humohumo. Miguu ikipata baridi, tandika mkeka mdogo unaoweza kuuosha. Chujio livue kila wiki mbili, lioshe, likauke ndipo ulirudishe. Na vumbi likizidi, panda ngazi ulifungue kwanza, kabla hujamtaja mtu. Ukijua mwenzako anavua buti nje, sema hapohapo, mikono haijapanda.

Mungu akupe kifua chepesi, na chumba ambacho wenzako wakikusikia mlangoni wanafurahi. Na mkono wako usimtoe mtu kitandani kwake. Amina.

Haya, nishikie upande huo wa zulia. Tulishushe wote wawili.