Nilikaa Mahali pa Mwanawe

Mwaka ule nilikuwa mkalimani katika nyumba ya upatanisho pale Mlandege, Iringa. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini Kihehe nilizaliwa nacho na Kiswahili nilikiokota kwa wafanyabiashara wa sokoni, basi nikajiona mtu mkubwa. Niliota kwamba siku moja kila mji utakuwa na nyumba kama yetu, na watu watakosa la kugombania. Nilikuwa nacheka sana siku zile.

Kazi yetu ilikwenda polepole. Waliogombana walinawa, wakala ugali katika sinia moja, ndipo wakazungumza. Desturi hiyo aliianzisha mzee wetu msimamizi, mtu asiyeandika mengi wala kumharakisha mtu. Halafu akahamishiwa Mbeya, akafungue nyumba nyingine kule Mbalizi. Siku ya kuondoka, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye basi, alinishika bega.

"Wale ndugu wawili wa Kalenga, Alhamisi ijayo. Usiache ipite."

Nilijua kwa nini. Ndugu wale hawakuwa wamesemeshana tangu baba yao afariki na kuacha shamba la bondeni. Mkubwa alikuwa amekwisha kutia dole gumba kwenye mkataba wa kwenda kukata mkonge, Tanga, na lori la manamba lingeondoka Jumamosi. Mama yao alitaka kitu kimoja tu: awaone wanawe wakila pamoja kabla mkubwa hajaenda.

Msimamizi mpya alifika Jumatatu. Hakuwa mtu mbaya. Hata sabuni alitugawia. Kesho yake akapata barua kwamba wageni kutoka Ulaya, wale waliotusaidia nyumba iendelee, watafika Jumatano ya wiki inayofuata.

"Hao wa Kalenga wasogeze mpaka siku hiyo," akaniambia. "Wageni waione kazi yetu kwa macho."

"Lakini bwana, mkubwa anasafiri Jumamosi."

"Mtu akitaka amani atasubiri. Nenda kamwambie."

Ningeweza kubisha. Ila na mimi niliwataka wageni wale. Nilikwisha kujiona nimesimama katikati yao, natafsiri, nao wanatikisa vichwa kwa kustaajabu. Nikapanda baiskeli mpaka Kalenga, naimba njia nzima.

Mama nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilipomweleza, mikono yake ikasimama.

"Jumatano, baba? Jumatano mwanangu atakuwa amefika wapi?"

Mkubwa alikuwa pale pale, anafunga blanketi lake kwa kamba. "Lori halingoji wazungu," akasema. "Kawaambie wakubwa zako."

Alhamisi ikapita. Jumamosi akaenda.

Jumatano wageni wakaja, mabwana wawili na bibi mmoja mwenye kamera. Mama alikuja na yule mdogo. Nadhani waliona aibu kuvunja miadi. Sinia likawekwa, upande mmoja hauna mtu. Msimamizi akanivuta kando.

"Kaa wewe."

"Mimi si ndugu yake, bwana."

"Wageni hawajui. Ni kuwaonyesha tu inavyofanyika."

Nikakaa. Mama ndiye aliyetakiwa kutunawisha. Alinimwagia maji mikononi taratibu, mengi kuliko yaliyohitajika, bila kunitazama usoni. Mdogo alimega tonge akalishika tu. Bibi akapiga picha. Mimi nilikula. Maharage yale yalikuwa matamu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Wageni walipiga makofi. Baadaye niliwasindikiza mama na mwanawe hadi barabarani.

"Haya, ndugu mkalimani, tumepatana," mdogo akasema. "Hivi mimi na wewe tuligombana lini?"

Nikacheka, maana nilizoea kucheka. Yeye hakucheka.

"Mwache," mama akamwambia. "Mwenzako katumwa."

Tukatembea kidogo. Kisha mama akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kama huko Tanga manamba hula pamoja au kila mtu na sahani yake peke yake.

Sikujua. Tanga sijawahi kufika. Nikamwambia hula pamoja, mama, sinia moja.

"Aa," akasema. Akajitanda kanga yake vizuri, akamtangulia mwanawe kuelekea Kalenga.