Waya Mbili za Rait

Kesho yake dada yangu alikuwa anaolewa Bungoma, na alikuwa ameapa kwamba hatatoka nyumbani kwetu Kitale kwa gari lingine ila pikapu ya Baba, ile aliyojifunzia kuendesha akiwa amekalia mto ili aone barabara. Pikapu hiyo imetuzidi umri sote. Tangu mvua zianze ilikuwa kipofu: unawasha taa, giza tupu. Baba alimwambia dada neno moja tu.

"Mnatoka alfajiri. Bila taa, utaenda na gari la kukodi."

Ugonjwa ulikuwa chini ya dashibodi. Boksi la fyuzi lilikuwa limeoza, kutu ya kijani imechanua juu yake kama ukungu kwenye mkate. Nilipogusa fyuzi moja, ikabomoka kidoleni. Jipya nilikuwa nimelitoa Bungoma asubuhi hiyo, nikalipakata njia nzima, nikilifunua kulichungulia kila mara. Nilikuja pamoja na Khocha, kaka yake Mama anayeishi Sirisia, maana yeye ndiye aliyezivuta nyaya zile mara ya mwisho.

Khocha alifungua betri, akalala chali, kichwa chini ya usukani. Kila alipochomoa waya alitaja kazi yake, nami nikaibandika karatasi yenye jina.

"Honi. Waipa. Refti. Rait."

Nikaandika.

"Rait."

"Rait tena, Khocha?"

"Si nimesema, mwiwa?" akanikemea mimi mpwa wake. "Andika!"

Nikaandika. Tulisugua ncha za nyaya kwa msasa mpaka shaba ikang'aa, nyekundu kama jua jipya. Tukafunga boksi. Tukachomeka waya baada ya waya. Khocha akarudisha betri.

Kabla mtu hajagusa swichi, taa ya mbele ya kulia ikawaka yenyewe!

Dada alitoka nje mbio, nusu ya nywele imesukwa, nusu imesimama. Akaingia, akawasha swichi. Taa ya kushoto ikaitika, na ile ndogo ya ndani, juu ya kichwa chake, ikaitika pia. Akazima. Zote mbili zikafa, lakini ya kulia ikabaki inatukodolea.

"Bana, gari inanikonyeza!" dada akapiga kelele. "Kesho ni harusi yangu, na inanikonyeza!"

Khocha alisoma karatasi zangu, akakuna kidevu. "Hii ni rait. Na hii ni rait."

"Right ya mkono ama light ya kuwaka?" nikauliza.

"Hii ya mkono wa kuume. Hii ya taa ya ndani. Si nilikwambia? Rait, na rait!"

Baba, ambaye watu wa kwao nao huchanganya l na r, akaingilia kati kusuluhisha. "Sikizeni. Moja ni rait, na ingine ni rait. Shida iko wapi?"

Mama aliketi chini mlangoni kwa kucheka.

Nilibadilisha nafasi za nyaya mbili zile. Dada akawasha tena. Macho yote mawili yakafunguka kwa pamoja, meupe mchana kweupe, yakamulika ukuta wa zizi. Nilipiga yowe hata jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Baba alitoa simu, akamwambia mwenye gari la kukodi asije. Hata hakumaliza kuongea. Dada alikuwa ameshaitoa pikapu langoni, miguuni malapa yake, taa zote zinawaka, Khocha amesimama nyuma ameshika vyuma, mimi nikiwakimbilia ili nami nipande.