Mwanamke Aliyekataa Kupanga Chupa kwa Alfabeti

Shule yetu ilikuwa na walimu ishirini na wawili wenye vyeti vya chuo, na mwanamke mmoja aliyeishia kidato cha nne. Huyo mmoja ndiye aliyetufundisha kemia, ingawa hakuna karatasi ya ofisini inayosema hivyo. Kwa jina la kazi alikuwa mtunza maabara: aoshe neli za kioo, apime dawa, afunge mlango. Tulimwita Bi Chupa, naye aliitika bila kununa.

Alijifunza akiosha. Kwa miaka kumi na tisa alisimama kwenye sinki la nyuma, mgongo ameligeuzia darasa, masikio amempa mwalimu. Mwalimu akitoka, sisi tulimzunguka.

"Mama, hivi hizi elektroni zinagombewa za nini?"

"Ndiyo mali yenyewe, mwanangu. Kuna wanaotoa na kuna wanaonyakua, na hatoi mtu kama hakuna wa kupokea. Mtazame sodiamu. Elektroni yake ya mwisho iko peke yake, mbali na kiini, ameishika kilegelege. Ukimwomba tu, kaachia. Klorini sasa! Amebakiza nafasi moja ajaze, na kiini chake kina mvuto mkali. Huyo hakuombi, anapora."

"Na pamanganeti?"

"Jambazi sugu. Manganizi iliyomo ndani yake imekwisha nyang'anywa elektroni saba. Wewe ungenyang'anywa saba ungekuwa na adabu?"

Kwa elimu hiyo alipanga rafu zake. Wanyakuzi walikaa ukuta wa kushoto, watoaji ukuta wa kulia, na chumvi na wapole wengine katikati. Mgeni angeona vurugu tupu.

Mkuu mpya wa shule alikuwa mgeni. Aliingia maabara siku ya Alhamisi, tulipokuwa tukifuta meza, mkononi ana orodha iliyochapwa vizuri na karani wake. Wakaguzi walikuwa wanakuja Jumatatu.

"Mama, hizi chupa zipangwe kwa alfabeti. A mpaka H rafu ya juu, I mpaka P ya chini yake, na kuendelea. Leo leo."

Bi Chupa alijifuta mikono kwenye aproni, akaisoma orodha yote bila haraka.

"Mkuu, asetoni umeiweka bega kwa bega na asidi ya nitriki."

"Si zote zinaanza na A?"

"Zinaanza na A, lakini zikikutana zinamalizana. Na gliserini yako iko juu ya pamanganeti. Chupa ikivuja je? Samahani, Mkuu, sitazipanga hivi."

Sote tuliacha kufuta. Mkuu alitabasamu kwa ule upole wa mtu anayejua ana muhuri mezani.

"Basi mama, kama kazi imekushinda, niachie funguo. Karani atapanga."

Ninaandika haya na damu bado inanichemka. Mwanamke yule alikuwa na watoto watatu na mama mgonjwa nyumbani, na funguo zile ndizo zilizowalisha wote. Alizitoa mfukoni, akaziweka mezani mbele ya Mkuu. Hakuomba. Alisema tu, "Nipe dakika mbili kwanza, kisha uzichukue."

Alituamuru tusogee mpaka ukutani. Akaweka kigae juu ya sinia la mchanga, akamwaga kijiko kimoja cha pamanganeti, zile punje nyeusi zenye zambarau ndani yake, akatengeneza kishimo katikati. Kisha gliserini, dawa ile ile laini ambayo watu hujipaka midomo ikikauka. Matone machache, akarudi nyuma.

Hakikutokea kitu.

Mkuu alitazama kigae, akamtazama yeye. "Mama, hii ndiyo hatari yenyewe? Mbona imelala?"

"Usisogee, Mkuu. Anaanza kuonja."

"Anaonja!" Mkuu alicheka, akanyoosha mkono kuchukua funguo.

Moshi mwembamba ukapanda. Kisha kukasikika mlio wa kufoka, na moto mweupe wenye ukingo wa urujuani ukaruka kutoka kwenye kigae bila kiberiti, bila cheche, bila mtu kuugusa. Mkuu alirudi nyuma hatua tatu akagonga stuli.

"Hayo ni matone tu," alisema Bi Chupa, huku akiumwagia mchanga. "Chupa yangu ina nusu lita."

Mkuu aliikunja orodha mara mbili, akaitia mfukoni. Funguo hakuzigusa.

Jumatatu wakaguzi walilalamika kwamba rafu hazifuati alfabeti. Siku chache baadaye tuliona jibu la shule limebandikwa kwenye ubao wa matangazo: "Kemikali zimetengwa kwa usalama, kwa maelekezo ya Mkuu wa Shule." Maelekezo yake! Tulikimbilia maabara tukihema kwa hasira, tukamwambia Bi Chupa lazima tuandike barua, lazima jina lake litajwe.

Alikuwa anaosha bika za kioo. Hakugeuka.

"Chupa zimehamishwa?"

"Hapana, mama."

"Mimi nimehamishwa?"

"Hapana, lakini—"

"Basi mwacheni aelekeze. Haya, nani kaacha hii asidi wazi?"