Macho ya Hortense

Shemeji yangu Kapya hakuwahi kuwa na kamera nzima. Alikuwa na nusu nusu. Mzungu wa reli akiangusha yake ikapasuka mwili, lenzi inafika kwa Kapya. Mwingine lenzi yake ikiota ukungu, mwili nao unafika kwa Kapya. Zote zilikuwa za filimu pana, lakini kila kiwanda na vipimo vyake, na lenzi ya huyu haikai kwenye mwili wa yule. Kapya aliziozesha kwa nguvu. Alichonga pete ya shaba, maana shaba kwetu Élisabethville si kitu cha kutafuta, akabana lenzi mbele ya mwili usio wake, na watu wa mtaa wa Kenia wakajaa studioni kila Jumapili baada ya misa.

Kubana si kazi. Kazi ni umbali kati ya lenzi na filimu: ukiukosea kwa unene wa karatasi ya sigara, mteja anatoka na uso wa uji. Kwa hiyo Kapya alifungua mgongo wa kamera, akaweka kioo alichokikwaruza pale filimu inapokaa, akatazama sura ikitua juu yake, kichwa chini. Akiona ukungu, anavua pete, anaisugua, anairudisha. Mtu wa kutazamwa alikuwa dada yangu Hortense, mkewe. Alikaa kitini akichambua majani ya sombe na kumuuliza mumewe kama ameoa mke au ameoa kioo.

Kioo kikiwa mahali pake, filimu haina nafasi. Filimu ikiingia, Hortense ameshaondoka na mteja ameketi. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote ya ndoa yao, wala hakuna aliyeona ajabu. Kinyozi hajinyoi.

Hortense alikufa kwa homa, msimu wa mvua wa mwaka 1956. Sikulia. Nilipanga viti, nilisonga ugali wetu wa bukari, niliwaitikia waliotoa pole, na ndani yangu hapakuwa na kitu chochote. Kapya alikaa ukutani kama mtu anayengoja treni. Ndipo mama yetu, Mama Victorine, alipotaka picha ya kuweka mezani karibu na mshumaa.

"Foto ya mutoto wangu iko wapi?"

Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Kapya alijibu akitazama sakafu.

"Haiko, mama."

"Haiko? Bantu yote ya cité banakuyaka kwako kupigwa foto! Na yeye kila siku alikuwa naikala mbele ya ile aparei ya foto!"

"Aparei ilikuwa vide, mama, bila filimu."

Mama akasema, "Basi mupige sasa, mbele bafunge sanduku. Na umufungule macho. Sitaki aonekane mufu."

Hilo lilikuwa jambo la kawaida. Familia nyingi zilimletea Kapya maiti zao, naye akawachorea macho kwa kalamu ya risasi juu ya picha. Alipiga. Tulimzika, na baada ya mazishi alisafisha picha, akaikuza, akaketi nayo mezani na kalamu yake.

Nilipompelekea chakula, kope zilikuwa bado zimefumba.

"Mama anangojea," nikamwambia.

"Macho yake inanipotea, Angélique. Ninatafuta sura yake, ninamuona tu mule mu kioo. Kichwa chini."

Nilishikwa na hasira, hasira ya kwanza tangu dada afe. Miaka yote ile amemweka kitini, na hiki ndicho alichobaki nacho!

"Basi pindula!" nikamfokea.

Akaigeuza picha, paji la uso likawa chini, kidevu juu. Kalamu ikaanza kwenda yenyewe. Hakufuta hata mstari mmoja. Alichora jicho la kushoto lililokuwa dogo kuliko la kulia, na ule mkunjo aliokuwa nao Hortense akichoka kungoja. Mimi niliyekuwa nimesimama nyuma yake nilimwona dada yangu akirudi, nikapinda shingo kumfuata.

Alipomaliza aliisimamisha sawasawa. Akaitazama kama anavyotazama picha ya mteja mgeni. Kisha akanisogezea.

"Ni yeye?" akauliza.

"Ni yeye, shemeji."

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini.