Mlinda Geti Mwenye Mtihani Saa Nane

Saa moja na nusu asubuhi, foleni ya wanafunzi imeshatoka nje ya geti na kuingia barabarani. Mlinzi wa kike anapokea begi, anafungua zipu, anapapasa, anafunga, anapokea jingine. Macho yake yanakwenda kwenye saa ya ukutani, yanarudi, yanakwenda tena.

"Mwanangu, kitambulisho."

"Mama Geti, si unanijua? Kila siku unaniona."

"Wewe nakujua sana. Kadi yako ndiyo sijaiona."

Foleni inacheka. Nyuma ya kijana huyo amesimama binti mwenye sketi fupi kuliko kanuni za chuo zinavyotaka. Hangoji kuambiwa, ananyoosha mkono tu. Mlinzi anachomoa mtandio kwenye droo na kumpa.

"Jioni uurudishe. Na usiukalie kwenye nyasi."

Ni wiki ya mitihani katika chuo hiki cha binafsi, na hakuna aliyetulia. Wale waliokesha wiki iliyopita wakipigia debe wagombea wa serikali ya wanafunzi, mpaka sauti zikawakauka, leo wanatembea na karatasi puani huku midomo ikicheza. Huyu anaomba kalamu, na yule anamsaka mwenzake wa kundi ambaye hakuandika hata sentensi moja ya kazi yao lakini jina lake limo.

Mama Geti, kama wanavyomwita wote, naye hatulii. Sababu yake wengi kwenye foleni hawaijui: saa nane mchana na yeye ana mtihani.

Ana miaka arobaini na mitatu na watoto watatu. Mumewe ni dereva wa malori, na nyumbani huonekana kama mgeni wa heshima. Huu ni mwaka wake wa pili wa stashahada ya ustawi wa jamii, masomo ya jioni. Chuo huwapunguzia wafanyakazi nusu ya ada, na nusu inayobaki hukatwa kwenye mshahara kabla hajauona.

"Nikivua sare naingia darasani. Nikitoka darasani naingia jikoni," anasema. "Binti yangu mkubwa ananiuliza, mama, leo umepewa kazi ya kufanya? Tunakaa meza moja, tunagombea taa."

Somo la leo ni ushauri nasaha, na anafanya mtihani wa marudio. Kanuni ni kwamba anayeshindwa marudio huondolewa kwenye programu. Lakini ukimuuliza ilikuwaje akashindwa mara ya kwanza, anaangalia pembeni, anacheka kidogo, ndipo anasimulia.

Siku ile alichelewa kupokelewa zamu, akakimbilia chumba cha mtihani na sare yake mwilini. Chuoni hapa ni kawaida mlinzi kuingia kupekua wanafunzi kabla karatasi hazijafunguliwa. Msimamizi alikuwa mgeni, wa kuazimwa kutoka idara nyingine. Alipomwona mlangoni alishusha pumzi.

"Afadhali umekuja, nilikuwa nimeomba mtu," alimwambia. "Anza na mstari wa nyuma."

Naye akaanza na mstari wa nyuma.

"Mikono ilitangulia, akili ikabaki mlangoni," anasema. "Miaka yote hiyo, mtu mwenye miwani akiniambia fanya, nafanya. Nikapekua mifuko na soksi, nikawaambia watu wazime simu. Msimamizi akaniambia nisimame nyuma niwaangalie, nikasimama. Wenzangu wa darasani walidhani nimepangiwa kazi. Mpaka mmoja akageuka akaninong'oneza, mama, kwani wewe hufanyi?"

Alipopata kiti na karatasi, muda mwingi ulikuwa umekwenda. Aliandika mpaka karatasi ikavutwa mkononi. Hakulalamika popote.

"Ningemwambia nani? Kwamba nilisahau kuwa mimi ni mwanafunzi?"

Leo ameapa kutoka mapema na kubadili nguo, lakini hawezi kuliacha geti bila mlinzi mwingine wa kike, na anayempokea ni wifi yake, dada wa mumewe, mlinzi wa siku nyingi asiyeona maana ya masomo ya ukubwani. Saa saba inapita, na wifi hajatokea. Mama Geti anatoka kibandani, anachungulia barabara, anarudi. Anakaa, kiti kinamchoma, anasimama.

Wifi anatokea akitembea kama anayetoka harusini.

"Mbona umenikodolea hivyo? Mtihani una miguu?"

"Unayo, wifi. Mwaka jana ulinikimbia."

"Haya nenda, mwanafunzi. Wenzio wanasoma wapate wachumba, sijui wewe unamtafuta nani."

"Namtafuta wa kunitoa mdomoni mwako."

Anajifungia kibandani, anatoka na gauni la bluu na viatu vya ibada. Anakata uwanja kwa hatua ndefu. Wanafunzi wale wale aliowakagua asubuhi wanampisha bila kumtambua, na mmoja anamwamkia shikamoo kama mgeni.

Mlangoni pa chumba cha mtihani amesimama msimamizi kijana mwenye tai. Anamtazama, anainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Wazazi wanasubiri kule mapokezi."

Mguu mmoja wa Mama Geti unaanza kugeuka, kisha unasimama.

"Marahaba. Mimi si mzazi hapa," anasema, na sauti yake inatoka kubwa kuliko alivyokusudia. Vichwa vinageuka ndani. "Mimi ni mtahiniwa. Naomba unioneshe kiti changu."

Kijana anaangalia kadi, anaomba radhi na kumwelekeza mstari wa pili. Mlango unafungwa.

Saa kumi na moja anatoka na wino kwenye vidole. Majibu yatabandikwa baada ya wiki kadhaa, na anakiri kwamba swali la mwisho lilimsumbua. Getini, wifi yake anamngoja, mikono kiunoni.

"Umeandika?"

"Nimejaza karatasi. Nikaomba ya pili."

Wifi anashusha mikono. "Hiyo ya pili nayo umeijaza?"

"Nusu."

"Basi si haba," anasema wifi, na kumsogezea kiti.

Mama Geti hakikalii. Anaanza kupokea mabegi ya wanafunzi wa jioni, gauni la bluu likiwa bado mwilini, huku akieleza anachokitaka. Mlezi wa bweni la wasichana anastaafu mwakani, na kazi hiyo inahitaji stashahada.

"Hapa getini nawaona wakipita tu. Anayelia namwona analia, nampa mtandio, anakwenda. Nataka kuwa mtu wa kugongewa mlango, aingie, akae, aniambie," anasema. "Nafasi ikitangazwa wataibandika kwenye ubao ule pale, na ubao huo mlinzi wake ni mimi. Hakuna atakayeisoma kabla yangu."