Upande wa Nyuma wa Kiboko

Tangu saa sita mchana Mama Glavu hakuwa amekaa kitako. Alikwenda hadi dirishani mwa duka la picha, akarudi mezani, akakigusa cheti kwa ncha ya kalamu kana kwamba kingemng'ata, kisha akaondoka tena. Cheti kilingoja sahihi yake. Kilisema kwamba picha kumi na mbili zilizotundikwa ukutani, zote za yule kiboko mwenye mwavuli aliyechekesha watoto wa kizazi kizima, ni "vioo vya kamera", na kwamba yeye, mpaka rangi wa studio ya katuni kwa miaka ishirini na miwili, anathibitisha hivyo.

"Shangazi, kaa basi," alisema mwenye duka, binti wa kaka yake. "Unanitia kizunguzungu. Wageni wanaingia saa kumi."

"Nitakaaje na macho yananiwasha?"

Kioo lilikuwa jina la kazini tu. Kitu chenyewe kilikuwa karatasi ya plastiki angavu. Mchoro ulinakiliwa kwa wino upande wa mbele, rangi ikapakwa upande wa nyuma ili isifunike mistari. Kwa hiyo mpaka rangi alikwenda kinyumenyume: kwanza nukta nyeupe ya mng'aro wa jicho, kisha mboni, uso mwisho. Aliyekosea mpangilio huo alimpofusha kiboko. Kila kioo kililazwa juu ya mandhari iliyochorwa kwenye karatasi nzito, kikapigwa picha, kikapisha kinachofuata. Hicho ndicho kioo cha kamera. Lakini studio ilipoanza kuyumba, wakubwa walitoa pia kopi za kuuza, rangi ikisukumwa kupitia kitambaa kama fulana zinavyochapwa. Kopi hizo hazikuiona kamera hata kwa mbali. Kuviita vyote kwa jina moja ni kumpa mtu na picha yake ya pasipoti kiti kimoja mezani.

Na wapaka rangi walikuwa wanawake kumi na wanane katika chumba kimoja, kila mmoja na glavu nyeupe iliyokatwa vidole viwili, ili mkono ushike brashi bila jasho kugusa plastiki. Filamu ilipokwisha, jina lililopita mbele ya watazamaji lilikuwa la mchoraji mkuu. Wao walikuwa wa upande wa nyuma, na upande wa nyuma haukuwa na jina. Leo, kwa mara ya kwanza, mtu alilitaka jina lake kwa maandishi, na alilitaka chini ya jambo ambalo huenda ni uongo.

Alisogeza pua kwenye fremu ya kwanza. Akahamia ya pili. Ya tatu.

"Matundu yako wapi?"

"Matundu gani, Shangazi?"

"Chini hapa kila kioo kilikuwa na matundu matatu ya kukishikiza mezani, kiboko asirukeruke. Na namba pembeni. Kopi hazikutobolewa. Yako wapi?"

Fundi wa fremu, mzee mpole mwenye gundi kwenye nyusi, alikohoa. "Nilinyoosha, mama. Nyingine zilikuwa zimetobolewa chini, nikaona aibu kuzitia kwenye fremu kama zilizoliwa na panya. Nikazikata zote zilingane."

"Umezilinganisha kweli, baba. Umekata vyeti vyao vya kuzaliwa."

"Lakini zote zimetoka kwenye sanduku moja la studio," mwenye duka alisema.

"Panya naye alitoka humo. Tumpe cheti?"

Fundi alicheka; mwenye duka hakucheka. "Shangazi, saini tu. Nani atajua?"

"Mimi. Na mimi ndiye ninayelala na mimi. Fungueni migongo ya fremu."

"Kufungua? Zimebandikwa gundi na utepe, na saa nane na nusu ndiyo hii!"

"Basi mnapoteza muda kuniambia."

Alitoa mkobani glavu yake ya zamani, imekuwa njano kama jino la mzee. Fundi, ambaye dhamiri ilikuwa imeanza kumsuta, alichana utepe wa kwanza. Nyuma palikuwa laini, tambarare kama sahani. "Kopi." Wa pili, kopi. Kwenye wa tatu rangi ilikuwa na vilima na mabonde ya brashi, na ukingo wa kijani ulikuwa umerudiwa mara mbili.

Mama Glavu aliinama juu yake, akakawia. Mwenye duka akadhani anaumwa.

"Aliyepaka hiki alikuwa jirani yangu wa meza," alisema hatimaye. "Hakuweza kuuacha ukingo bila kuurudia. Msimamizi alimfokea kila siku, naye kila siku anarudia. Leo ukingo wake ndio unaotuokoa."

Hadi saa tisa na nusu vilikuwa vimepatikana vioo vitano, na kopi saba. Aliyekaa kitini sasa alikuwa mwenye duka, kichwa mikononi. Shangazi yake aliandika kadi saba kwa mkono: Kopi ya kuchapwa. Kisha akakata "kumi na mbili" kwenye cheti, akaandika "tano", akatia sahihi kwa herufi zinazosomeka.

Muda wa kubandika migongo upya haukuwepo. Vioo vitano vikasimamishwa mezani, wazi pande zote mbili.

Mgeni wa kwanza aliupita ukuta moja kwa moja. Akazunguka meza, akainama kwenye mgongo wa kiboko.

"Upande huu kauchora nani?"

Mwenye duka alimtazama shangazi yake.

"Hatukuchora, tulipaka," alisema Mama Glavu. "Tulikuwa kumi na wanane. Huyu aliyepaka hiki nitakwambia jina lake, ila kwanza toa kidole hapo!"

Akaizunguka meza kumfuata. Kiti alichowekewa kilibaki kitupu hadi duka lilipofungwa.