Mama Alipomsemea Kanga

Mimi huchora katuni. Ofisi yetu iko Kitengela, juu ya duka la chakula cha mifugo, na mwaka mmoja tulikuwa tukitengeneza video ya hadithi ya watoto kuhusu ndege wanaoishi kando ya bwawa. Mhusika mkuu alikuwa kanga, yule ndege wa madoadoa, mama wa vifaranga tisa.

Siku ya kurekodi, mwigizaji wetu wa kanga aliamka hana sauti. Mamangu alikuwa amekuja kwangu kutoka Illasit kupimwa macho, na asubuhi hiyo aliketi pale ofisini akingoja miwani yake iwe tayari. Bosi wangu, kijana mpole, alimsikiliza akipiga gumzo na mlinzi, kisha akaniuliza, "Mathe wako anaweza kutusaidia?"

Nilisita. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mama ni Mkamba, na akizungumza Kiswahili herufi r humponyoka ikawa l. Niliogopa watamcheka. Lakini alikuwa amesikia, na tayari alikuwa amesimama.

Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo ndogo tuliyoifunika kuta kwa magodoro. Kwa kuwa hakuweza kusoma bila miwani, nilisimama kando yake nimnong'oneze maneno, naye ayaseme.

"Wanangu wapendwa," nikanong'ona, "mwewe anakuja. Tafadhali njooni haraka."

Mama akanigeukia. "Ni nani huita watoto hivyo na mwewe ako juu?"

"Ndivyo imeandikwa, Mama."

"Basi huyo aliyeandika hajawahi kufuga."

Aliyeandika nilikuwa mimi. Kabla sijajitetea, Mama alisogelea maiki, akavuta pumzi, akapaza sauti: "Nyinyi! Chini! Ingieni chini ya mti! Wewe wa nyuma, ludi hapa, uko na masikio kweli?"

Bosi alizing'oa hedifoni kichwani. Nami, mtu mzima mwenye watoto wawili, nilijikuta nimeinama.

"Mama, tafadhali rudia," bosi alisema.

"Kuludia nini? Mwewe ameshaenda."

Tulicheka mpaka mlinzi akapanda ngazi kuuliza kuna nini. Mama hakurudia. Tukatumia rekodi ile ile.

Kazi ikabaki kwangu. Kanga niliyekuwa nimemchora alifungua mdomo taratibu kama msomaji wa habari, hivyo ilibidi nimchore upya. Mama, sasa na miwani mipya, aliketi nyuma yangu akinisahihisha. "Kanga hakimbii ameinua kichwa. Anakiinamisha, shingo inatangulia." Nikafuta, nikachora tena. Alikuwa sahihi kila mara, na hilo lilinikera kidogo.

Hadithi ilipotoka nilienda Illasit kumwonyesha kwenye simu. Watoto wa majirani walimzunguka uani. Hakuna aliyecheka lafudhi yake. Walicheka kwa sababu wote walishawahi kuitwa hivyo. Msichana mmoja mdogo aliitazama simu, akamtazama Mama, akaitazama simu tena.

"Ndiyo, ni mimi," Mama akamwambia. "Na wewe ingia chini ya mti."

Mtoto alikimbia mpaka kwenye mparachichi.

Siku hizi, nikiandika hadithi ya kanga, naeleza tu kinachotokea. Maneno ya kanga namwachia Mama. Jumapili, baada ya kanisa, hunipigia simu kuuliza kama wale vifaranga wameanza kuota manyoya.